Malalamiko Juu ya Trekta Ambalo Bado Halijachaguliwa

Muheza, Tanganyika
Jumatatu, 23 Septemba 1957

Kwa Bwana Shamba,
Ofisi ya Kilimo.

Mheshimiwa Bwana Shamba,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu mara ya mwisho ulipofika kwangu uliniamkia, "Shikamoo, Mzee Tadeo," nami kwa zogo la watu waliokuwa wakibishana barazani sikuwahi kukuitikia. Ipokee sasa, ingawa imechelewa. Mimi sijambo. Kuku hawajambo. Mizabibu nayo haijambo, ila haijui inaandaliwa nini.

Nakuandikia juu ya trekta. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa mapadri, na padri aliyetufundisha barua alisema mwenye malalamiko ayapange kwa namba, ili msomaji aone yamebaki mangapi asije akakata tamaa. Nitajitahidi kufuata hivyo.

Lakini kwanza nikukumbushe trekta lenyewe lilitoka wapi, maana wakubwa wako huko Tanga huenda wakadhani ni mimi niliyeliomba.

Mwezi wa Aprili, tulipomzika mke wangu Bibiana, ulikuja ukasimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Ulikuwa ukimheshimu kwa sababu ya mizabibu yake. Wewe ndiye uliyekiita kile kishamba "Shamba la Majaribio", kikapata jina refu kuliko chenyewe. Jeneza lilipofika, Haji, mwuza machungwa wa pale sokoni Muheza, alishuka kaburini akalala chali. Haji ni Mdigo, mimi ni Mbondei, sisi ni watani; na mtani msibani ana kazi yake kama padri alivyo na yake. Alipiga kelele kutoka mle chini: "Huyu hafukiwi kwa jembe! Kalima kwa jembe tangu kuzaliwa, na leo mwamfukia kwa jembe lile lile? Hamna haya? Sitoki humu mpaka lije trekta!" Watu wakacheka huku wakilia, na ndivyo inavyotakiwa. Nikampa jogoo. Akatoka, akajikung'uta udongo, na Bibiana akazikwa kwa jembe.

Kwenu karibu na ziwa, kama ulivyonieleza baadaye, watu msibani hukaa kimya. Kwa hiyo ulipomwona mtu mzima amelala ndani ya kaburi akidai trekta, uliamini kwamba shida ya wananchi imefika mahali pabaya. Uliondoka macho yako mekundu. Baada ya arobaini ukarudi na furaha: kilio chetu kimesikika, Serikali itatoa trekta moja kwa ajili ya mizabibu ya marehemu, zipo aina tatu, nasi wenyewe tuunde kamati tuchague. Hakuna aliyethubutu kukuambia kwamba ulikuwa utani. Nilimkonyeza Haji aseme, akaninong'oneza, "Mzee, nikikana leo, siku nyingine nikilala kaburini nani ataniamini?"

Basi kamati ikaundwa. Wajumbe ni huyo Haji. Abrahamu, Msambaa aliyekuwa akiendesha mashine katika shamba la mkonge. Na Semeni wa Kigombe, mwuza samaki, shoga yake marehemu. Mimi ni mwenyeji wao, maana yake nachemsha kahawa. Wanakutana barazani kwangu kila jioni. Malalamiko yangu ni haya.

1. Upana. Bibiana aliipanda mizabibu ile kwa vijiti alivyopewa na padri wa misheni, na kamba ya kupimia hakuwa nayo. Alipima kwa kanga yake: kanga moja, kwa urefu wake, kati ya mstari na mstari. Mimi nilishika pindo la huku, yeye la kule, na kila tulipoinama aliniambia, "Usiivute, Baba Anjela, itakuwa kanga ya mtu mwingine." Kwa hiyo shamba langu ni la kanga, si la futi. Kamati ilipotaka kujua kama matrekta yatapita, Haji aliibeba kanga hiyo mpaka Tanga kwa wauza mashine, akaitandaza mbele ya kila trekta. Mwenye duka alimwuliza kama anataka kulivisha. Ikaonekana kwamba yote matatu yameizidi kanga.

Mimi mtu wa darasa la nne ningesema basi matrekta ni mapana. Kamati imesema mistari ndiyo myembamba. Imependekeza kila mstari wa pili ung'olewe, ili trekta lipate njia ya kupalilia mistari itakayobaki. Nimejaribu kulielewa shauri hili. Nusu ya alichopanda Bibiana itupwe, ili nusu ya pili ihudumiwe vizuri. Niliuliza, kwa upole, kama isingekuwa bora kuing'oa mizabibu yote, trekta likapita bila bughudha. Swali langu limepokewa kama pendekezo, na Haji ameliunga mkono.

2. Kugeuka. Katika kamati nzima Abrahamu peke yake ndiye aliyewahi kukaa juu ya trekta, na haipiti siku bila yeye kutukumbusha. Anasema, "Mghosi," kama Wasambaa wanavyomwita mzee, "trekta si mbuzi. Haligeuki pale liliposimama." Linataka uwanja mwisho wa mstari. Sasa, mwisho wa mistari upande wa nyumbani kuna jiko, na upande wa pili kuna kaburi. Habari ya jiko haikuwachukua muda. Walilibomoa kwa maneno kabla kahawa haijapoa. Kwenye kaburi walikwama. Abrahamu akashauri upande ule trekta lirudi kinyumenyume, kisha akasema kinyumenyume katika mizabibu hata yeye hathubutu. Ndipo mmoja wao, simtaji, akasema polepole kwamba marehemu katika uhai wake alikuwa mtu wa kuwapisha wenzake.

Nataka ujue kwamba lilisemwa kwa adabu. Kofia zilivuliwa. Nami kwa adabu hiyo hiyo nikashauri wawekwe vijana wenye nguvu mwisho wa mstari. Trekta likifika walinyanyue, waligeuze, waliweke chini, liendelee na safari. Nilidhani watacheka. Sasa wanabishana kama vijana hao walishwe kabla ya kunyanyua au baada.

3. Sababu za kuchagua. Haji anataka lile jekundu. Sababu yake ni kwamba litaonekana kutoka barabara kuu, mabasi ya Tanga yatapunguza mwendo, na abiria watanunua machungwa. Abrahamu anataka lile la minyororo lisilo na magurudumu, kwa sababu linapanda mlima. Shamba langu ni tambarare. Ukiweka yai chini utalikuta palepale. Nilipomwambia hivyo alijibu, "Mlima hautabiriki." Semeni anataka la kijivu kwa kuwa lina mahali nyuma pa kufunga tenga la samaki. Haji akamwambia, "We Semeni, trekta la mizabibu wataka linuke papa?" Naye akamjibu, "Afadhali linuke papa kuliko kulaliwa na mtu atokaye kaburini." Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi. Kwa kuwa mimi ni msikilizaji, nilisikiliza kama kuna mtu atataja zabibu. Hakuna.

Sikatai kwamba zabibu zenyewe bado ni mashaka. Zile za mwanzo Bibiana alionja moja, akakunja uso, akasema, "Hizi divai yake itakuwa ya toba." Lakini alirudi akafunga matawi yake vizuri kwa nyuzi za katani, moja moja, kana kwamba hakusema neno.

4. Hili nitaliandika mwisho. Kwa sasa mkono wangu haujalikubali.

5. Makazi. Trekta halinyeshewi. Kwa hiyo litajengewa nyumba ya bati, sakafu ya saruji na mlango wa kufuli. Nyumba yangu mimi ni ya makuti, na inavuja pale juu ya kitanda, upande ambao sasa haulaliwi na mtu. Kamati ilipopita kuchagua kiwanja iliona kwamba mahali pafaapo kuliko pote ni pale iliposimama nyumba yangu, kwa sababu pameinuka. Haji akanipiga bega: "Mzee, omba nawe uwe spea, utakaa ndani." Halafu trekta lina dereva, na dereva hawezi kutoka hapa, kwa kuwa wa hapa ni Abrahamu peke yake, na wajumbe wenzake hawamtaki. Dereva atakuwa na mke. Mke atataka jiko, na jiko, kama nilivyoeleza, litakuwa limebomolewa. Kile kijidaraja cha magogo ya minazi hakiwezi kulibeba trekta, kwa hiyo litajengwa daraja. Na daraja likijengwa mwisho wa njia ya miguu litaonekana kichekesho, kwa hiyo itajengwa barabara.

Nimeyatafakari haya kwa siku kadhaa nikivuta maji. Nimeona kwamba mistari ina kosa, jiko lina kosa, kaburi lina kosa, nyumba ina kosa, daraja lina kosa na ardhi ina kosa la kukosa mlima. Asiye na kosa ni trekta peke yake. Basi haki iko wapi? Nashauri tusilisumbue. Lisihamishwe. Shamba ndilo lihamishwe, liende Ngamiani, mjini Tanga, karibu na duka la mashine. Mizabibu ipandwe kwenye madebe, kila mwenye nyumba aweke lake mlangoni. Mitaa ya Ngamiani ni mipana na imenyooka. Trekta litapita katikati likipalilia kulia na kushoto, wapanda baiskeli watajibanza ukutani, na wewe utapata picha nzuri ya kuwapelekea wakubwa. Mimi nitakuja kwa basi kuangalia. Kaburi tu ndilo litakalobaki huku, na hapo litakuwa halimzuii mtu.

6. Maonyesho. Hili linaniudhi kuliko yote. Kila wakimaliza kahawa, mabishano yao hayatoshi kwa mdomo. Lazima kila mmoja aonyeshe trekta lake linavyofanya kazi, na kwa kuwa trekta hatuna, anachukua jembe langu. Haji hukunja suruali akaingia katikati ya mistari: "Tazameni! Jekundu lachimba hivi!" Abrahamu humfuata mstari wa pili akinguruma kwa mdomo, mabega mbele, akisema, "Huko ni kukuna! La minyororo linageuza udongo, chini juu, juu chini, hivi, hivi!" Basi Semeni hujifunga kibwebwe akawasukuma wote wawili. "Piteni huko, midomo mitupu. Mtaikata mizizi ya mwenzangu. La kijivu latembea hivi, kwa heshima." Naye huchukua kijembe kidogo, akachuchumaa, akazunguka shina baada ya shina akitoa magugu ya ndago kwa vidole.

Kwa kuwa hakuna anayekubali kushindwa, na kila mmoja hudai kwamba mstari wa mwenzake ulikuwa na udongo laini, kesho yake huanza mstari mwingine. Wameendelea hivyo tangu mwezi wa Julai. Majembe yangu yamelika. Shamba zima limepinduliwa, na ukitafuta gugu la kumwonyesha mgeni hulioni. Nakuuliza kama mtaalamu: Serikali ikileta trekta, litalima nini?

7. Kutoafikiana. Haji ni mtani wangu, na mtani hakubaliani nawe hata ukisema mvua inanyesha. Kwa hiyo nikisifu la kijivu, yeye hulitukana. Nikilitukana jekundu, hunifurahia kana kwamba nimelisifu. Nimejaribu kunyamaza. Anasema kunyamaza kwangu ni kwa la minyororo. Kwa njia hii trekta haliwezi kuchaguliwa kabla ya vuli, wala kabla ya masika, wala katika maisha ya watu walio hai.

Sasa la nne.

Bibiana aliugua mvua zilipokuwa zimeshika. Tulituma watu huku na huku kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Jibu lililorudi kutoka kila mlango ni kwamba gari halipo, au lipo lakini si la kazi hiyo. Tukamchukua kwa kitanda, watu wanne, mpaka barabara kuu, tungojee basi. Njiani alikuwa akituomba radhi kwa uzito wake, naye alikuwa mwepesi sana. Tulipomweka chini kando ya barabara aliniuliza kama nimefunga kuku. Nikamwambia nimefunga. Basi lilipofika halikuwa na la kufanya tena, ila dereva alivua kofia, namshukuru.

Simlaumu mtu. Nimejiuliza tu, jioni watu wakishaondoka. Kama ningejua kwamba kitu kinachoweza kupatikana ni trekta, ningeomba trekta. Kama ningejua kwamba mlango unaosikia ni mlango wa kilimo, ningebisha hapo, ningesema kuna mzabibu unakufa. Abrahamu anasema trekta huenda mwendo wa mtu mwenye haraka. Si mwendo mbaya. Lingetosha. Kati ya hayo matatu ningechukua lolote, na rangi nisingeuliza.

Kwa hayo yote naomba mambo machache. Kamati ivunjwe, na mapema. Trekta lipelekwe kwa mtu mwenye shamba linalolingana nalo, ambaye hakufiwa. Mistari ya Bibiana iachwe ilivyo, kwa upana wa kanga, mpaka mizabibu yenyewe ikatae. Na wewe, Bwana Shamba, ukialikwa tena kwenye msiba wa pwani, ukamwona mtu amelala kaburini akidai meli au reli, tafadhali mpe jogoo tu.

Naomba usinione mkorofi. Ulikuja kumzika mke wangu na ulilia. Hilo silisahau, na ndilo lililonifanya niandike kwa upole kuliko nilivyokusudia. Nisalimie karani wako, na dereva wako mwenye kikohozi, ajaribu mkaratusi. Nisalimie mama mwenye nyumba unamopanga. Ukiwaandikia wazazi wako kule ziwani, waambie mzee mmoja wa Muheza anawaamkia na kwamba mtoto wao ni mtu mwema, ila asipewe mashine. Binti yangu Anjela, aliyeolewa Korogwe, naye anasalimu. Wajumbe wa kamati wangesalimu, lakini sikuwaambia kwamba naandika.

Wako katika subira,
mwenye shamba lisilogeuzika,

Tadeo Mhina

Nyongeza, Alhamisi.

Barua hii ilikuwa iondoke Jumatatu, lakini stempu sikuwa nayo. Jumanne kamati haikuja. Haji alikuwa anapakia machungwa, Abrahamu alipanda milimani kwa dada yake, na Semeni alikawia Kigombe. Mimi sikuwa na habari, nilikuwa nimekwisha chemsha kahawa ya watu wote. Nilikaa barazani mpaka ikapoa. Nikanywa kikombe kimoja. Tangu matanga yalipovunjwa mpaka ile siku uliyoleta habari ya trekta, jioni zangu zote zilikuwa namna ile, nami nilikwisha kuzisahau.

Jana walikuja. Walikuwa wamekwisha gombana njiani, na Semeni alianza kubisha kabla hajaketi. Nadhani niliwakaribisha kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana Haji alinitazama kidogo, halafu akaniambia kahawa yangu ni mbaya.

Kwa hiyo, Bwana Shamba, haya niliyoandika hapo juu, ukiacha la mistari na lile la nne, nakuomba usiyashughulikie kwa haraka. Kamati isivunjwe. Jana usemi wa Semeni ulianza kuwaingia, Abrahamu alitikisa kichwa mara mbili kana kwamba anakubali, na hata Haji alikosa tusi. Wanaelekea kuafikiana juu ya la kijivu, nami sikupata usingizi. Kama wakubwa wako wana trekta la aina ya nne, tafadhali tuletee picha yake kabla ya Jumapili.